Faiba haiozi, kwa hiyo umri peke yake hautoshi kuiita boti klasiki

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa timu nzima. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na pia ni fundi wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, ile gundi ya kemikali, miaka ishirini na kitu nimekula vumbi la hii kitu mpaka ngozi imezoea kuwasha, kwa hiyo ile makala yenu ya yoti za zamani niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa hasira kidogo. Mwandishi wenu kasema yoti yoyote ya faiba ikishavuka miaka 25 tayari ni klasiki. Wiki iliyofuata msomaji mwingine akamjibu eti plastiki ni plastiki tu, klasiki ni mbao, kamaliza. Mi naona wote wawili wamepotea, mmoja kapita joshini kule upepo unakotoka, mwingine demani kule unakokwenda, na chombo chenyewe kimebaki pale pale katikati hakuna aliyekigusa.

Tuanze na huyu wa miaka 25. Boti ya mbao ukiitelekeza inakufa, tena haichukui muda, kalafati inakauka, maji yanaingia, mataruma yanaoza, misumari inalegea, miaka kumi ukirudi unakuta kilichobaki ni umbo tu la kuota majani. Kwa hiyo ukiona boti ya mbao ya miaka 70 inaelea leo ujue kuna watu waliipenda, labda watu watano sita wamepokezana, kila mmoja kabadilisha mbao zake. Umri wake ndo ushahidi wake. Faiba sio hivyo. Faiba ukiitupa nyuma ya yadi miaka arobaini, ikajaa maji ya mvua na mavi ya ndege, ukirudi unaikuta, imepauka, imechakaa, ila ipo. Haijabaki kwa sababu mtu aliipenda, imebaki kwa sababu hakuna aliyejua pa kuitupa, maana hata leo kuivunja na kuizika boti ya faiba ni shughuli pevu, haichomeki vizuri, haiyeyuki ukaimimina upya kama chuma. Sasa kitu kinachodumu hata kikidharauliwa, umri wake unathibitisha nini? Hauthibitishi chochote zaidi ya kwamba kioo na resini ni vigumu.

Ndo maana nasema kwa faiba inabidi ushahidi utafutwe pengine.

Mahali pa kwanza ni mchoro. Zile yoti za faiba za mwanzo zilichorwa na watu waliojifunza kazi kwenye mbao, hawakuwa na kitu kingine kichwani. Philip Rhodes alichora Bounty II, yoti ya futi 41 hivi iliyojengwa Kalifonia kuanzia 1956, moja ya yoti kubwa za kwanza kabisa kutoka kwenye kalibu, na ukiiangalia kwa mbali huwezi kujua sio mbao. Carl Alberg, Msweden aliyehamia Marekani, akachora Triton ya futi 28 na nusu, ndugu wawili wa ukoo wa Pearson wakaipeleka kwenye maonyesho ya New York mwaka 1959 na ikafungua njia, zilitoka zaidi ya 700. Miaka michache baadae huyo huyo Alberg akachora nyingine ya futi 30 ikajengwa Kanada kuanzia 1962 mpaka 1987, nayo ikapita 700. Hapo ndo ujue ugeni wa hii kitu, zamani fundi akijenga boti mbili zinazofanana watu wanashangaa, sasa kalibu moja inazaa mia saba kama mikate (samahani, nimeshindwa kupata mfano mwingine).

Sasa uzuri wa hizo boti uko wapi. Simama ubavuni boti ikiwa imepandishwa nchi kavu, uangalie ule mstari wa juu wa ubavu, unaanzia juu omoni, unashuka taratibu mpaka kama theluthi mbili kwenda nyuma, alafu unapanda tena kidogo tezini. Ukiona umenyooka kama rula au umepinda ghafla kama mgongo wa punda mzee, mchoraji alikosea au alikuwa na haraka. Kwa zile boti za Alberg na Rhodes ule mstari unauona hata ukiwa umefumba jicho moja. Alafu zile ncha mbili, omo inayochomoza mbele juu ya maji na tezi inayoning'inia nyuma, watu wanaziita urembo, lakini niwape siri, sehemu ya huo urembo ni ujanja wa mashindano. Kanuni za Marekani za enzi hizo zilikuwa zinaangalia sana urefu wa boti pale inapogusa maji ikiwa imetulia, kwa hiyo mchoraji anafanya ule urefu uwe mdogo, boti inahesabiwa ndogo, ila upepo ukija ikalala ubavu zile ncha zinaingia majini na boti inakuwa ndefu bila kulipia. Na urefu wa majini ndo mwendo, hesabu yake ni fupi tu, chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi uzidishe kwa 1.34, unapata maili za baharini kwa saa. Triton majini ina futi 20 na nusu, kwa hiyo inakupa 6 hivi, ikilala inaongezeka kidogo. Yaani kile tunachokiita umaridadi wa klasiki kwa kiasi fulani ni mtu alikuwa anamkwepa mpimaji. Mi hilo halinikwazi hata kidogo.

Mahali pa pili ni unene, na hapa watu wanadanganyana sana. Utasikia za zamani ni ngumu maana hawakujua faiba ina nguvu kiasi gani wakamimina tu. Kuna ukweli ndani yake. Mimi nina kiduara cha faiba mezani kwangu nakandamizia karatasi, nilikikata kwa msumeno wa duara chini ya maji ya yoti ya miaka ya sitini nilipokuwa nafunga valvu mpya, kina unene kama kidole gumba changu na mimi vidole vyangu sio vya mwalimu. Pembeni yake nina kingine cha boti ya miaka ya tisini, hicho unaweza kukipitisha chini ya mlango. Lakini ukikiangalia kile kinene ubavuni vizuri, ukikilowesha kidogo, unaona tabaka za kioo ziko mbali mbali na katikati resini tupu imeganda kama asali, na resini peke yake haina nguvu, ina uzito tu. Nguvu iko kwenye nyuzi. Kwa hiyo unene ni dalili njema, sio cheti. Kuna nene mbovu na kuna nyembamba iliyosukwa vizuri ikakaa miaka hamsini bila kulalamika.

Malengelenge yanayoota kwenye ubavu wa faiba nayo, maana najua mtu ataniuliza. Ndio, maji yanapenya ile rangi ngumu ya juu polepole, yanakutana na kemikali ambazo hazikuganda vizuri ndani, yanavimba, ukilipasua linakurushia maji yenye harufu kama siki, vaa miwani. Sio kansa. Unachimba, unakausha, tena kukausha kwa miezi sio kwa siku, unaziba kwa epoksi, maisha yanaendelea.

Mahali pa tatu ni bahari yenyewe, na hapa huyu ndugu wa plastiki ni plastiki naomba akae vizuri asikilize. Agosti 1979 mashindano ya Fastnet yalianza Uingereza na yoti 303, dhoruba ikawakuta kati ya Uingereza na Ayalandi, washindani 15 wakafa, zaidi ya boti ishirini zikaachwa watu wakaokolewa, zilizomaliza hazikufika mia. Kwenye daraja la boti ndogo kabisa ilimaliza moja tu. Jina lake Assent, ni Contessa 32, mchoro wa David Sadler wa miaka ya mwanzo ya sabini, faiba tupu. Ni nyembamba, ndani unabanana, ukiwa mrefu shingo inateseka, ila karibu nusu ya uzito wake ni farumi, ule mzigo wa kuituliza boti, ya risasi iliyoko chini, ukiilaza inarudi, ukiigeuza miguu juu nayo inarudi. Mwenyewe hakuiweka makumbusho baada ya pale, aliendelea nayo mpaka barafu za Aktiki na Antaktika. Hizo boti zimejengwa zaidi ya 700 na watu bado wanazitafuta.

Au chukua ile S&S 34, mchoro wa ofisi ya Sparkman & Stephens wa mwaka 1968. Edward Heath alishinda nayo mbio za Sydney mpaka Hobart mwaka 1969, mwaka uliofuata akawa Waziri Mkuu wa Uingereza (sisemi boti ndo ilimpa kura). Jon Sanders wa Australia, na yake ya mchoro huo huo, akazunguka dunia mara mbili mfululizo bila kusimama mwanzoni mwa miaka ya themanini, Jesse Martin akamaliza mzunguko wake 1999 akiwa na miaka 18, Jessica Watson akarudi Sydney Mei 2010 siku tatu kabla hajatimiza 17, peke yake, na mawimbi yalishailaza ile boti mara kadhaa huko kusini mlingoti umelala majini. Sasa jiulize, 2009 mtu anamtafutia binti wa miaka 16 chombo cha kuzunguka nacho dunia, madukani kuna boti mpya zinang'aa za kila aina, kwa nini wanaenda kuchukua mchoro wa miaka arobaini iliyopita? Hakuna aliyekuwa anafanya maonyesho ya vitu vya kale pale. Walitaka inayorudi.

Na mwaka 2018 walipofufua mashindano ya Golden Globe, ya mtu mmoja kuzunguka dunia bila kusimama na bila vyombo vya kisasa vya kuongozea, sheria zilidai boti za futi 32 hadi 36 zilizochorwa kabla ya 1988, mkuku, ule uti wa chini ya boti, uwe mrefu na usukani umeshikana nao kwa nyuma. Zilianza kumi na kitu zikamaliza 5, akashinda Jean-Luc Van Den Heede, mzee wa miaka 73, na Rustler 36. Awamu iliyofuata akashinda Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini akamaliza Aprili 2023 na Cape George 36.

Ila hapo hapo wapenzi wa mkuku mrefu msianze kupiga vigelegele, maana na nyie mna lenu. Kuna kundi linaamini kama mkuku hauanzii karibu na omo mpaka tezi basi sio klasiki, ni boti ya mashindano tu iliyozeeka. Haya niambieni kuhusu Cal 40. Bill Lapworth aliitoa 1963, nyepesi kwa wakati ule, mkuku mfupi kama pezi, na usukani kautenganisha kautundika peke yake kule nyuma, wazee wakaguna, wakasema itapiga mbizi, itavunjika. Ikachukua mbio za kwenda Hawaii 1965, ikachukua mbio za kwenda Bermuda 1966. Na mwaka 2022, miaka 56 baadae, Cal 40 nyingine inaitwa Illusion ikashinda tena Bermuda, ikachukua kombe la St. David's Lighthouse mbele ya boti za juzi juzi. Kama hiyo sio klasiki basi hili neno tulifute.

Nije sasa kwenye lililoniuma mwenyewe. Kama miaka tisa iliyopita nilinunua yoti iliyotangazwa kwamba ni klasiki ya sabini na nne, muuzaji simtaji, alikuwa na ulimi wa asali. Mbao za pembeni zimepigwa vanishi unajiona sura, mito mipya, shaba imesuguliwa. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi fundi mzima nilienda tezi nikaenda omo ngamani sikurudi, nilipenda ile vanishi. Baada ya wiki nimetulia nikachukua nyundo yangu ndogo ya plastiki nikaanza kugonga deki, maana deki za boti nyingi za enzi hizo ni kama sandwichi, faiba juu, faiba chini, katikati vipande vya mti wa balsa, mwepesi sana lakini ukinywa maji ndo kwisha. Nagonga ko, ko, ko, ko, safi, nafika karibu na winchi, kile chombo cha kukazia kamba za tanga, bup. Nasogea kidogo, bup. Bup mpaka kwenye mlingoti. Nikatoboa tundu kwa kekee, ncha ikatoka na kitu kama matope ya kahawia na maji yakanifuata yanatiririka, yana harufu ya msitu uliooza. Mtu alifunga winchi zamani huko akatoboa matundu ya bolti akakaza bila kuziba kitu, basi tone kwa tone miaka yote hiyo.

Ningeweza kuirekebisha, kazi naijua. Nilikaa naiangalia wiki nzima kutoka ubavuni. Mstari wake ulikuwa umenyooka kama rula, tezi imekatwa kama boksi, waliijenga iwe rahisi kutoka kwenye kalibu na ndani waingie watu sita walale, na hata haikuwa inakwenda joshini vizuri. Ilikuwa na umri, ilikuwa na vanishi, cha kunifanya nikapige msasa mwaka mzima haikuwa nacho. Nikaikata vipande. Winchi nilibaki nazo, zile zilikuwa nzuri.

Mwaka ule ule mteja mmoja akaniletea ya kwake, moja ya zile za Alberg, na deki yake ilikuwa mbaya kuliko yangu, ukikanyaga inabonyea. Nikamwambia ukweli, mzee hii kwa akili ya hesabu itupe. Akacheka. Tukafumua deki yote ngozi ya juu, tukatoa balsa iliyooza kwa patasi na kwa mikono, ndoo kumi na kitu, tukaweka mpya tukabandika tabaka za faiba upya juu yake. Katikati ya kazi tukakuta kifuniko cha tundu la mbele kimepotea na hakuna kama hicho sokoni popote, akaandika kwenye chama cha wenye boti hizo, baada ya kama wiki mbili ikaja bahasha kutoka nchi nyingine kabisa, ndani kuna karatasi kubwa iliyokunjwa mara nane, mtu kalaza kifuniko cha boti yake juu ya karatasi kachora kukizunguka kwa penseli, kaandika vipimo pembeni kwa mkono, na mahali bawaba zinapokaa, na chini kaongeza msitoboe tundu la tatu mahali walipotoboa kiwandani, linavuja. Hamjuani. Hakudai hata senti. Kazi ile ilituchukua miezi kumi na nne na mteja wangu hakuwahi kuniuliza akiiuza atapata ngapi.

Kwa hiyo Mhariri, mwandishi wenu akitaka kipimo mi nampa hicho badala ya miaka 25. Aangalie ni boti gani ikiharibika vibaya kuna mtu anatoa kisu cha kufumua badala ya msumeno wa kukata vipande, na kuna mwingine mbali anachora kifuniko kwa penseli. Watu hawafanyi hivyo kwa boti mbaya, hata iwe na umri gani, nimeshakata za kutosha najua. Na huyu wa mbao tu nae siku akipata nafasi agonge deki ya Contessa, alafu atuandikie tena.

Ombi langu dogo la mwisho. Ile picha mliyoweka kwenye makala, picha ya ndani, mito ya bluu, taa ya shaba na ramani imetandazwa mezani, ile haituambii kitu, mito ananunua yeyote. Mkirudia hii mada pigeni boti ikiwa juu kavu, mpiga picha asimame ubavuni kabisa, arudi nyuma hatua kama thelathini, tezi mpaka omo ionekane na mkuku wote, na tafadhali asimruhusu mwenye boti asimame mbele akitabasamu, anaziba usukani.

Fundi wa faiba, msomaji wenu